Miaka minne napiga video za harusi, leo naambiwa kazi yangu ni "tangazo la hoteli". Sanaa ya video hufunzwa wapi?

#1 MwanaShela
Salaam wadau. Mimi ni mpiga video hapa Lamu. Harusi (upande wa wanaume), nyumba za wageni, mashindano ya mashua, na Maulidi kila mwaka. Mwezi uliopita jumba moja la sanaa lilitoa mwito: linataka sanaa ya video kutoka pwani, isizidi dakika kumi. Nikatuma yangu. Jahazi alfajiri likipita mbele ya kisiwa cha Manda, punda gatini, mkono wa mzee akichonga mlango, taarabu ikisikika kwa chini. Niliihariri wiki mbili.

Jawabu lilikuwa mstari mmoja: "Picha ni nzuri sana, lakini hili ni tangazo la hoteli."

Sijakasirika (nimekasirika kidogo). Nataka kujua tu ni kitu gani sina. Ni mtambo? Ni shule? Natumia kamera ya mtumba, lenzi mbili, na programu ya kuhariri, DaVinci Resolve ile ya bure. Klipu nimeiweka hapo chini muione wenyewe. Tafadhali msinirushe YouTube, bando limeisha huko huko.

#2 Chumvi_Kidogo
Kosa lako hukuandika bei ya chumba na kifungua kinywa. Wangekupa kazi siku hiyo hiyo.

#3 FundiSabaki
Malindi hapa. Nimeitazama yote. Kabla hamjaanza falsafa, kuna makosa ya kifundi ambayo jicho linayaona hata kama mtu hawezi kuyataja.

La kwanza, kwenye karakana ya mchongaji kuna mistari myeusi inapanda na kushuka. Stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Wewe umepiga fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/60, haziendani na taa. Weka fremu 25, shata 1/50, mistari itapungua au iishe. Zile taa rahisi za LED nyingine hazisikii dawa, hizo zima kabisa, fungua dirisha.

La pili, bahari yako. Ukiacha ile ya alfajiri, umepiga saa sita mchana, kamera ikajipandishia shata yenyewe hadi huko 1/2000. Kila tone la maji limeganda kama kioo, na mwendo unakatakata. Jicho la binadamu halioni hivyo. Funga shata, kisha weka filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi.

#4 MwanaShela
Shukran fundi. ND ya ngapi?

#5 FundiSabaki
Inategemea. Mfano wa simu, maana tundu lake halibadiliki: tundu f/1.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 50, shata 1/50, jua letu la mchana. Hapo unataka kupunguza mwanga karibu mara 64, ndiyo hiyo huandikwa ND64. Ukikosa pesa chukua miwani ya jua ile ya polaroidi, iweke mbele ya lenzi na uizungushe taratibu. Haitafika 64, lakini kuna pembe mng'ao wa maji unatoweka na unaona mpaka mwani chini. Rangi itageuka kidogo, utairekebisha kwenye uhariri.

#6 BintiLangoni
FundiSabaki, yote uliyosema ni kweli, na akiyafuata yote atakuwa na tangazo la hoteli lisilo na mistari.

Mimi nimekaa na kalamu. Video ina dakika 4 na sekunde 10, nimehesabu mikato 71. Hiyo ni sekunde tatu na nusu kwa kila picha, na hakuna hata moja iliyofika sekunde sita. Hiyo ndiyo kasi ya muuzaji, anakuonyesha kitambaa na kukikunja kabla hujaona kasoro. Si kosa lako, ni harusi zimekuzoeza. Mteja wa harusi anataka kila shangazi aonekane.

Zoezi: toka na stendi, weka kamera kwenye daka la nyumba yenu, hapo kibarazani mlangoni, ikitazama nje. Bonyeza. Dakika kumi usiiguse, usivute, usigeuze. Halafu urudi hapa utuambie umeona nini.

#7 MkuuWaKariakoo
Wakuu heshima kwenu, natazama uzi kutoka Dar. Kamera imewekwa mlangoni, haiguswi, inarekodi wapita njia. Hiyo si CCTV? Duka langu lina sanaa ya masaa 24 basi.

#8 BintiLangoni
Ya dukani kwako uliiweka ikatazama kasha la pesa. Ungeiweka ikatazama mikono ya wateja tungezungumza.

#9 HistoriaKwanza
Tuanze na asili ya jambo. Sanaa ya video ilianza tarehe 4 Oktoba 1965. Siku hiyo msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, alinunua mtambo wa Sony Portapak (kamera na rekoda ya kubeba) mjini New York, akapiga msafara wa Papa akiwa ndani ya teksi, na usiku huo huo akaionyesha kanda kwenye mkahawa. Kabla ya hapo video ilikuwa hasa mali ya vituo vya televisheni. Kwa hivyo ndugu MwanaShela, hii ni sanaa iliyozaliwa barabarani, haitaki shule.

#10 MzeeWaMkanda
#9, hadithi hiyo ni tamu na inarudiwa kila mahali, ila ina tundu. Portapak iliingia sokoni 1967. Kama 1965 alikuwa na mtambo wa Sony basi haukuwa huo, na mpaka leo wanabishana ni upi. Isitoshe, Paik mwenyewe alifanya maonyesho Wuppertal, Ujerumani, Machi 1963, akiwa na runinga alizozichokora mpaka picha zikapinda. Hapo hapakuwa na kamera hata moja yake. Mwaka huo huo msanii mwenzake Wolf Vostell naye alikuwa New York na runinga zake mbovu za makusudi. Kwa hivyo asili yake si barabarani, ni kwenye meza ya fundi redio.

Nalisema hili kwa sababu ndivyo nilivyofunzika mimi. Miaka ya tisini nilikuwa nikiwapigia watalii kanda za VHS hapa Malindi, nguzo ya Vasco da Gama nimeipiga mpaka nikaichukia. Usiku nikichomeka kamera kwenye runinga, kisha naielekeza kamera kwenye runinga ile ile. Jaribuni. Picha inajimeza, inakuwa shimo lisilo na mwisho, ukitikisa mkono kidogo linageuka kimbunga. Hakuna anayekufundisha hilo, mkono ndio unaojifunza. Hata leo inawezekana kwa simu na projekta.

Siku moja nikabandika sumaku ya spika kwenye kioo cha runinga ya rangi ya baba. Picha ikapinda vizuri sana. Nilipoitoa, kona moja ikabaki ya kijani.

#11 Chumvi_Kidogo
Na mgongo wako ukabaki wa rangi gani, mzee?

#12 MzeeWaMkanda
Tuyaache hayo.

#13 MwanaShela
Nimerudi. Nimefanya zoezi la #6, jana baada ya alasiri. Kusema kweli dakika ya pili nilitaka kuzima. Hakuna kitu. Ukuta wa jirani, kivuli cha nyaya, maji machafu yakipita mfereji. Dakika ya nne punda akapita peke yake, hana mzigo, hana mtu, akasimama katikati ya fremu kama ameitwa, akaondoka. Dakika ya saba akaja mama mmoja, akaiona kamera, akageuza njia. Hilo ndilo limenikaa rohoni. Nimemzungusha mtu mtaa mzima kwa sababu ya sanaa yangu.

Nimeifuta ile sehemu. Sasa nina dakika sita.

#14 BintiLangoni
Umefanya vyema kuifuta, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa maoni yangu.

Mimi napiga harusi upande wa wanawake. Mlangoni simu zinakusanywa kwenye beseni, kamera inayoingia ni yangu tu. Nikimaliza, kadi naikabidhi kwa mama wa bibi harusi usiku ule ule, sibaki na nakala. Mwanzoni nilikuwa nikiumia, kazi zangu bora hazitaonekana na mtu. Halafu nikaanza kupiga vile ambavyo ningeweza kubaki navyo kwa ruhusa: viatu mia vilivyovuliwa mlangoni, moshi wa udi ukipita juu ya pazia, beseni lenyewe la simu likiwaka na kuzima maana waume wanapiga na hakuna wa kupokea. Hiyo ya beseni ni dakika tisa, haina uso wa mtu hata mmoja, na kila mwanamke niliyemwonyesha amecheka akajua ni wapi.

Kwa hivyo usiulize tu shata. Uliza: ni kitu gani siruhusiwi kukionyesha hapa, na kutokionyesha kwangu kutaonekana vipi? Shusha fremu mpaka miguu. Piga kivuli. Piga ukuta na uache sauti ya watu ipite. Macho hayana pazia, lakini kamera unaweza kuiwekea.

#15 BwanaKiamu
Mwanangu BintiLangoni umesema la kitwani mwangu. Mimi si mtu wa mitambo, ni mtu wa mashairi, na naona hawa vijana wanatafuta mbali kitu ambacho kiko barazani. Mtu akitunga, hasemi yote. Ana vipande, ana mizani, nane kwa nane, na ana kibwagizo kinachorudi. Beti ya kwanza kibwagizo kina maana moya, ikifika beti ya saba maneno ni yale yale na maana imegeuka. Naambiwa hizi video za sanaa hazina mwisho, huzunguka zikarudi. Basi hicho si kibwagizo?

#16 MkuuWaKariakoo
"Kitwani", "moya"... mzee shikamoo, ila naomba tafsiri kwa Kiswahili 😂

#17 BwanaKiamu
Marahaba. Hicho ndicho Kiswahili, mwanangu. Unachosema wewe ndiyo tafsiri.

#18 FundiSabaki
😂😂 #17 amefunga duka la #16.

Narudi kwenye kitanzi, yaani hizo video zinazozunguka. Mzee, na samahani kukupinga, kibwagizo kinarudi lakini shairi lina beti ya kwanza na ya mwisho. Video ya kitanzi mtu anaingia chumbani ikiwa katikati, anatoka ikiwa katikati. Hana bahati ya kuanza mwanzo. Kwa hivyo lazima uitunge kila sehemu iweze kuwa mwanzo, na hilo ni kazi ya mikono: fremu ya mwisho ilingane na ya kwanza, mwanga uwe ule ule, sauti iungane bila kukatika. Na hata ukifanya yote hayo, vichezeshi vingi vya bei nafuu vinaweka weusi wa nusu sekunde kabla ya kurudia. Nusu sekunde hiyo inaua kila kitu. Jaribu kwenye mtambo utakaotumia siku ya maonyesho, si kwenye kompyuta yako.

Kitanzi rahisi kwa mtu wa Lamu ni maji. Piga picha moja kila sekunde 10 kuanzia maji yamekupwa mpaka yajae. Saa sita ni sekunde 21,600, unapata picha 2,160, ukizichezesha 25 kwa sekunde ni kama sekunde 86. Kesho yake rudi saa ile ile yalipojaa, sehemu ile ile, upige mpaka yakupwe, uunganishe.

#19 MvuviMtandaoni
Fundi hesabu zako za kamera sawa, za bahari acha. Ukirudi kesho saa ile ile utakuta maji hayapo ulipoyaacha. Husogea kama dakika 50 kila siku. Tena kupwa mpaka kujaa ni saa sita na kitu, si saa sita kamili. Na uangalie mwezi: ukipiga siku ya bamvua (maji makubwa) ukaunganisha na siku ya maji mafu (madogo), mashua yako itaonekana imepaa.

#20 FundiSabaki
Nimekubali. Ila mashua ikipaa si ndiyo sanaa yenyewe?

#21 GedeNaMiti
Nimesoma mpaka hapa nashangaa hakuna aliyegusa sauti. MwanaShela, mimi nilifumba macho nikasikiliza tu video yako. Taarabu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kasia, hakuna patasi ya mchongaji, hakuna kwato za punda. Muziki ndio uliokuponza, si mikato wala shata. Ondoa wimbo wote, utaona nusu ya picha zako haziwezi kusimama peke yake, na hizo ndizo za kutupa.

Rekodi sauti kando, hata kwa simu ya pili iliyofunikwa soksi ya manyoya, maana kaskazi ikivuma maikrofoni tupu inaleta ngurumo tu. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni upate pa kuoanishia.

Na onyo kwa wanaotumia simu: simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu, zinapanda na kushuka kufuata mwanga. Ukiingiza kwenye uhariri, mwanzo sauti iko sawa, dakika ya nane mdomo umefunga na neno bado linatoka. Nilipoteza siku tatu nikidhani kompyuta ni kimeo. Pitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika.

#22 MwanaShela
Hilo la mdomo na neno lilinipata kwenye harusi moja! Baba wa bwana harusi akaniuliza kwa nini nimemfanya azungumze kama filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa.

#23 TukoMarafa
Mimi naona nyote mnazungumza kupiga na kuhariri. Swali ni itaonyeshwa wapi. Kazi ile ile kwenye simu ni klipu, ukutani ni kitu kingine.

Mwaka jana nilipiga makorongo ya Nyari kule Marafa, jioni udongo ukigeuka mwekundu. Kwenye kompyuta ilikuwa kalenda. Nikaazima projekta, nikaimwaga juu ya tanga kuukuu la mashua lililotundikwa uani. Upepo ukalivuta tanga, yale makorongo yakaanza kupumua. Watu walinyamaza. Kisha stima ikapotea, watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo mwisho.

Ninyi wa Lamu mna utajiri na hamuujui. Zidaka! Ukuta mzima wa vishimo vya chokaa, kila kimoja ni skrini ndogo imekaa tayari. Na lile wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, dari lake ni jeupe na kiza hata mchana. Ila msiwe na tamaa ya ukubwa: ukipanua picha mara mbili kwa upana, mwanga unatawanywa eneo la mara nne, inabaki robo. Heri ndogo inayong'aa.

#24 BwanaKiamu
Zidaka ni za kuweka vyombo vya kaure. Lakini endelea.

#25 MkuuWaKariakoo
Naomba niulize la mkate. Hii inalipa? Zidaka, tanga, beseni la simu... Mteja ni nani?

#26 BintiLangoni
Harusi inalipa. Beseni halijanilipa hata shilingi.

#27 HistoriaKwanza
Nimekagua, MzeeWaMkanda yuko sahihi kuhusu 1967, shukran kwa kunisahihisha. Lakini nashikilia kwamba shule si sharti la kwanza. Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi 1972, shahada yake ya chuo cha Yale, Marekani, ni ya uchongaji, na video anafanya. William Kentridge wa Johannesburg anachora kwa mkaa, anapiga fremu, anafuta kidogo, anachora tena juu ya karatasi ile ile, anapiga nyingine. Alama za kufuta zinabaki zinaonekana. Mkaa, raba na subira, basi. Halafu Bill Viola, aliyefariki 2024, ana kazi ya 1995 ya wanawake wakisalimiana mtaani. Tukio halikufika dakika moja, amelinyoosha mpaka dakika kama 10.

#28 FundiSabaki
Na alilinyooshaje? Kwa kamera ya filamu ya fremu 300 kwa sekunde. Tumerudi kwenye mtambo! Baadhi ya simu zenu zinafika 240, ukichezesha kwa 24 ni mara kumi polepole. Lakini shata haiwezi kukaa wazi zaidi ya 1/240 ya sekunde, kwa hivyo unataka mwanga mwingi. Ukijaribu ndani ya nyumba utapata uji wa chenga, na ile mistari ya stima itarudi ikicheka.

#29 BintiLangoni
Alijua kwanza kwamba salamu ni kitu cha kutazamwa dakika kumi. Mtambo ulifuata.

#30 FundiSabaki
Au alikuwa na mtambo akatafuta cha kuupa. Hukuwepo.

#31 BintiLangoni
Na wewe pia hukuwepo.

#32 Chumvi_Kidogo
Hawa wawili waoane tupate video ya upande wa wanaume na wa wanawake.

#33 MvuviMtandaoni
Swali dogo kabla hayo hayajaiva. Droni je? Kijana wangu anataka kupiga mikoko kutoka juu.

#34 GedeNaMiti
Lazima isajiliwe na apate kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa Lamu aulize mapema kabla hata ya kuitoa kwenye boksi. Na amwambie picha za mikoko kutoka juu zimejaa kila hoteli, asije akafungua uzi kama huu.

#35 MzeeWaMkanda
Nyongeza ya mtu aliyezika kamera tatu: chumvi. Mkirudi kutoka ufukweni pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, kisha kikavu. Kuvu ikiingia ndani ya lenzi inaota kama utando wa buibui na haitoki kirahisi. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mchele hapana, una vumbi.

#36 MwanaShela
Wadau, nimewasoma wote, na mkinipima bado sijui jawabu ni lipi. Fundi ananivuta huku, BintiLangoni kule, mzee ananipeleka barazani.

Nilichofanya ni hiki. Zile dakika sita za daka, zenye punda, nimeziondolea muziki, nikarudia kurekodi sauti ya njia siku nyingine, nikaziunganisha kitanzi. Jana usiku nikaazima projekta, nikamwaga ndani ya kidaka kimoja tu ukumbini kwetu. Picha haikuzidi ukubwa wa sahani. Nikaiacha inazunguka, nikaenda kula.

Kurudi nikakuta watoto wa jirani watano wameketi chini. Nikawauliza mnatazama nini, mbona hakuna kitu. Mmoja akaniambia ninyamaze: "Punda atarudi saa hizi." Walikuwa wameshamwona mara tatu. Wakaanza kuhesabu kwa sauti, na alipoingia wakapiga kelele kana kwamba hawakumtarajia.

Klipu iko hapo chini.

#37 BwanaKiamu
Kibwagizo.

#38 MkuuWaKariakoo
CCTV, ila nimeitazama mara mbili.

#39 Chumvi_Kidogo
Punda alipwe.

#40 FundiSabaki
Nzuri. Dakika ya tano ile taa ya mlango wa jirani bado ina mistari.